Mchungaji wa Mahali na Katekista wa Kigango: Wamethodisti Wanatufundisha Nini Kuhusu Malezi Yasiyokoma?



Jumapili asubuhi katika milima ya Upare kengele hulia mahali pengi kwa wakati mmoja. Padre ni mmoja na vigango ni vingi, na barabara za mlimani, hasa wakati wa masika, hazimruhusu kufika kila mahali. Kwa hiyo katika kigango ambako padre hajafika, anayesimama mbele ya waamini ni katekista. Anaongoza Ibada ya Neno, anafafanua masomo, anasoma matangazo ya ndoa na kuwakumbuka wagonjwa. Ukitokea msiba katikati ya juma, mara nyingi ndiye anayeongoza sala za maziko. Ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Kilutheri, kazi kama hiyo inafanywa na mwinjilisti. Kwa Wasabato yupo mzee wa kanisa, kwa sababu mchungaji wao naye ana makanisa kadhaa ya kuyatunza.

Wahudumu hawa ndio uso wa Kanisa kwa watu wengi wa Same na Mwanga. Mtu anaweza kukaa majuma kadhaa bila kumwona padre, lakini katekista anamwona kisimani, sokoni na shambani. Ndiyo maana tunauliza: mhudumu huyu alifundishwa na nani, na lini? Na tangu siku ile, ni nani amemfundisha tena?

Katika makala hii tunalitazama swali hilo kwa kupitia mlango ambao huenda msomaji hakuutazamia, yaani uzoefu wa ndugu zetu Wamethodisti. Katika Tanzania Wamethodisti ni wachache ukiwalinganisha na Walutheri, Waanglikana au Wasabato. Lakini wana historia ndefu ya kumwandaa mhudumu asiyeweza kuacha nyumba na shamba lake ili akakae chuoni miaka mingi, na mara kwa mara wameipitia upya ratiba ya masomo yake. Tunaamini kwamba uzoefu wao unatuhusu sisi tunaoandaliwa kuwa mapadre, kwa sababu kesho na keshokutwa ndio tutakaokabidhiwa makatekista.

Mwanzo wa Wamethodisti: wahubiri wasio na shule

John Wesley (1703–1791) alikuwa padre wa Kanisa la Anglikana na msomi wa Oxford. Alipoanza kuhubiri viwanjani mwaka 1739, makundi ya waongofu yaliongezeka kuliko mapadre waliokuwa tayari kuyahudumia. Walei wakaanza kuhubiri. Inasimuliwa kwamba Wesley alipopata habari kuwa mlei mmoja, Thomas Maxfield, anahubiri bila ruhusa, alirudi London kwa haraka ili amzuie. Mama yake, Susanna, alimshauri amsikilize kwanza na kuyaangalia matunda ya mahubiri yake. Wesley akasikiliza, na tangu hapo wahubiri walei wakawa uti wa mgongo wa harakati yake.

Lakini hakuwaacha wabaki kama alivyowakuta. Aliwaagiza wasome angalau saa tano kila siku. Mhubiri aliyesema kwamba hana hamu ya kusoma aliambiwa ajizoeze mpaka aipate, la sivyo arudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya zamani. Kuanzia mwaka 1749 Wesley alianza kuwatolea mkusanyo wa maandiko ya kiroho yaliyofupishwa, ambao mwishowe ulifikia vitabu 50. Humo aliingiza hata maandishi ya waandishi Wakatoliki. Alielewa kwamba mhubiri aliyeshika farasi na mfuko wa vitabu hawezi kwenda Oxford, hivyo masomo yenyewe hayana budi kupanda farasi pamoja naye.

Kule Marekani, Wamethodisti waliigeuza desturi hiyo kuwa sheria. Mwaka 1816 mkutano wao mkuu uliagiza kuwe na orodha rasmi ya masomo kwa kila anayetaka kuwa mhubiri. Mtahiniwa alisoma akiwa safarini, akiongozwa na mhubiri mkubwa kuliko yeye, kisha akahojiwa mbele ya wenzake. Mpango huo haujafa. Katika Kanisa la Methodisti la Muungano, lililozaliwa Marekani na ambalo leo lina waamini wengi sana nchini Kongo na lipo pia Tanzania, yupo mhudumu ambaye sisi tutamwita "mchungaji wa mahali". Huyu hajapewa daraja. Amepewa leseni ya kuhudumu katika usharika mmoja aliotumwa, na wengi wa wachungaji wa namna hii wana kazi nyingine ya kuwapatia riziki.

Njia yake ya masomo ina hatua mbili zinazoeleweka kwa urahisi. Kwanza anahudhuria mafunzo ya kuanzia ya saa 80 kabla ya kupewa leseni. Kisha anaingia katika masomo ya miaka mitano yenye kozi 20, yaani kozi nne kila mwaka. Anajifunza Biblia, mafundisho ya imani, historia ya Kanisa lake, mahubiri, ibada na utunzaji wa waamini. Anasoma akiwa kazini: anakwenda darasani kwa siku chache, anarudi kwa watu wake, na mambo aliyojifunza yanapimwa papo hapo, kanisani na msibani.

Kwa nini ratiba ya masomo huzeeka?

Mtu anaweza kufikiri kwamba ukishapata ratiba nzuri umemaliza kazi. Historia ya Wamethodisti inaonyesha kinyume. Mwanzoni mwa karne ya 20 orodha yao ya vitabu ilizusha ubishi mkali. Wapo waliotaka wahubiri wasome vitabu vilivyotumia utafiti mpya wa Biblia, na wapo walioogopa kwamba vitabu hivyo vingedhoofisha imani ya watu. Ubishi ule ulikuwa na maana, kwa sababu kuchagua kitabu cha mhubiri ni kuchagua chakula cha usharika mzima.

Tunaona sababu tatu zinazofanya mafunzo ya wahudumu wa mahali yazeeke.

Ya kwanza ni kwamba maswali ya watu hubadilika. Katekista aliyefundishwa miaka 30 iliyopita aliandaliwa kujibu maswali ya wakati ule. Leo kijana wa Hedaru au Makanya anasikiliza kwenye simu mahubiri ya watu asiowajua, yanayomwahidi gari na uponyaji kwa sharti la kutuma sadaka. Akimwuliza katekista kama mahubiri yale ni ya kweli, haitoshi kumjibu kwamba sisi Wakatoliki hatufanyi hivyo. Anahitaji kuelezwa Maandiko yanasema nini kuhusu mateso na neema.

Ya pili ni mahali pa kufundishia. Mwaka 1963 seminari moja ya Wapresbiteri nchini Guatemala ilifanya jambo lililokuja kuigwa duniani kote. Walimu wake walikuwa wamegundua kwamba vijana waliotolewa vijijini na kusomeshwa mjini hawakurudi vijijini, au hawakudumu katika uchungaji. Wakati huohuo viongozi halisi wa makanisa ya vijijini, watu wazima wenye familia na mashamba, hawakuwa na namna ya kusoma. Basi seminari ikawafuata. Iliandika vitabu vya kujisomea nyumbani, na mwalimu akasafiri kila juma kukutana na wanafunzi wake karibu na makwao. Njia hii ya elimu ya theolojia kwa enezi ilienea Amerika, Asia na Afrika. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ya tatu ni lugha na mifano. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mji wa Marekani hakijui kwamba kuna wanandoa ambao mmoja ni Mkatoliki na mwenzake Msabato, na kwamba ugomvi wao wa kwanza ni juu ya siku ya kusali na chakula cha watoto. Kutafsiri kitabu kama hicho neno kwa neno si kukihuisha. Kukihuisha ni kukiandika upya na watu ambao wamewahi kukaa na wanandoa wa namna hiyo.

Wamethodisti wa jirani, na wale waliopita karibu

Wamethodisti si wageni kabisa katika ukanda huu. Walifika pwani ya Kenya mwaka 1862 na kuweka kituo Ribe, karibu na Mombasa, wakisaidiwa na Johann Ludwig Krapf. Mmoja wao, Charles New, alifika Kilimanjaro mwaka 1871 akapanda hadi ilipo theluji. Safari yake ilipitia Taveta, katika nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Upare Kaskazini, lakini misheni ya Wamethodisti haikuota mizizi upande huu. Waliokuja kuhubiri Upare walikuwa wengine. Walutheri wa Leipzig walianza Shighatini mwaka 1900, na Wasabato walianza kazi yao ya kwanza katika nchi hii mwaka 1903 pale Giti, Mamba, Upare Kusini. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Kilema mwaka 1890, walileta imani Katoliki Upare. Same ikawa Prefektura ya Kitume mwaka 1963 na Jimbo mwaka 1977.

Kule Kenya Wamethodisti walichukua hatua ambayo inafaa kuitafakari. Mwaka 1955 waliungana na Waanglikana na Wapresbiteri kuendesha chuo kimoja cha theolojia, Mtakatifu Paulo, Limuru. Chuo hicho kilikuwa kimeanza kama shule ya Waanglikana huko Freretown, Mombasa, na leo ni chuo kikuu. Mwaka 1997 Wamethodisti walianzisha pia chuo kikuu chao wenyewe huko Meru. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo chuo kikuu hakijibu swali la mhudumu wa kijijini. Kila Kanisa linalopandisha daraja la chuo chake hukutana na kishawishi kilekile: ada inapanda, sifa za kujiunga zinapanda, na mkulima wa miaka 45 ambaye ndiye anayeongoza ibada kila Jumapili anabaki nje ya lango. Tunaliona jambo hili si kwa Wamethodisti peke yao. Walutheri wana Makumira kwa ajili ya wachungaji wao, lakini mwinjilisti wa mlimani ana mahitaji ambayo shahada haiyagusi. Sisi nasi tuna seminari kuu za Kibosho, Segerea, Kipalapala, Ntungamo na Peramiho, na makatekista wetu wanatutazama kwa mbali.

Siku ambayo aliye karibu ndiye anayehitajika

Novemba 2009 mvua kubwa iliporomosha ardhi huko Goha, Mamba Miamba, katika Wilaya ya Same. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wakiwemo watoto. Siku kama ile anayefika kwanza si aliyesoma zaidi. Ni yule anayeishi karibu zaidi. Na maswali yanayoulizwa mbele ya miili iliyofukuliwa kwenye udongo ni maswali mazito ya theolojia kuliko yote: Mungu alikuwa wapi? Tulikosa nini? Je, ni laana?

Mhudumu ambaye hakuandaliwa atatoa jibu la haraka. Atasema ni mapenzi ya Mungu, au atatafuta dhambi ya kulaumu. Maneno hayo yakishasemwa kwa mama aliyefiwa hayarudi. Mhudumu aliyeandaliwa vizuri anajua kwamba mbele ya Ayubu marafiki zake walifanya vema siku saba za mwanzo, walipokaa naye chini wakanyamaza, na kwamba waliharibu walipoanza kueleza. Anajua kusali Zaburi za maombolezo. Anajua pia ni lini aseme kwamba mtu huyu anahitaji hospitali na mtaalamu wa afya ya akili, pamoja na sala.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa kuhuisha mafunzo. Suala ni mama yule, na neno litakaloingia moyoni mwake siku ile na kukaa humo maisha yake yote.

Ratiba iliyohuishwa iwe na nini?

Tukijifunza kwa Wamethodisti na kwa wale wa Guatemala, na tukitazama maisha ya Upare, tunaona mambo ambayo mafunzo ya mhudumu wa mahali hayawezi kuyakwepa.

Biblia ifundishwe kwa namna ya kumsaidia mhudumu kusoma mwenyewe. Akipewa mahubiri yaliyokwisha andikwa, atayasoma. Akifundishwa namna ya kulitazama somo, kuangalia yaliyotangulia na yanayofuata, na kuuliza Kanisa limelielewa vipi, atakuwa na akiba isiyokwisha.

Afundishwe kuishi na majirani wa imani nyingine. Katika ukoo mmoja wa Kipare unaweza kuwakuta Walutheri, Wasabato, Wakatoliki na Waislamu, na wote hukutana kwenye arusi na matanga. Katekista anapaswa kujua utaratibu wa Kanisa kuhusu ndoa za mseto, ili asiwakatishe tamaa vijana wala asiwaahidi kisichowezekana. Anapaswa pia kujua namna ya kusali kwenye msiba wenye watu wa dini mbili bila kumdhalilisha yeyote.

Afundishwe mambo ya haki na amani ya kijiji. Mipaka ya mashamba, urithi wa wajane, zamu za maji na mikopo ya kausha damu inayowafilisi akina mama, yote hayo humfikia katekista kabla hayajafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Si kazi yake kuwa hakimu, lakini ni lazima ajue Mafundisho Jamii ya Kanisa na ajue ofisi ya kuwaelekeza watu.

Afundishwe ulinzi wa watoto. Mhudumu anakaa na watoto wa Komunyo ya Kwanza saa nyingi bila padre kuwepo. Anapaswa kujua mipaka ya mwenendo wake mwenyewe, dalili za mtoto anayeteswa nyumbani, na wajibu wa kutoa taarifa. Somo hili halikuwamo katika daftari nyingi za zamani, na hakuna udhuru wa kuliacha leo.

Afundishwe kujibu hofu ya uchawi. Kulikemea jambo hili madhabahuni hakujawahi kulimaliza. Watu wanahitaji mtu wa kukaa nao, kuwasikiliza, na kuwaonyesha nguvu ya ubatizo wao, hasa pale ambapo bibi kizee asiye na kosa anatajwa kuwa chanzo cha msiba.

Na yote hayo yafanyike kwa mtindo wa kwenda na kurudi: siku chache za darasa, majuma mengi ya kazi, kisha kukutana tena na kusimuliana yaliyotokea. Mwalimu asiyesikiliza simulizi hizo ataendelea kufundisha ya mwaka aliohitimu yeye.

Kanisa letu linasema nini?

Mtu asidhani kwamba tunaazima kwa majirani kitu ambacho nyumbani hakipo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya kazi za kimisionari, Ad Gentes, ya tarehe 7 Desemba 1965, ulisema katika namba ya 17 kwamba kazi ya makatekista ina umuhimu mkubwa sana pale ambapo mapadre ni wachache. Mababa wa Mtaguso waliagiza ziwepo shule za makatekista, tena wakaagiza pawe na mikutano na kozi za kuwanoa upya kwa nyakati zilizopangwa. Waliongeza jambo ambalo parokia nyingi hupenda kuliruka: wanaojitoa kikamilifu kwa kazi hiyo wapewe malipo ya haki, yanayowawezesha kuishi kwa heshima. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 785, nayo inadai makatekista waandaliwe katika shule zilizowekwa kwa ajili hiyo au, pale ambapo hazipo, chini ya uongozi wa wamisionari.

Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Antiquum ministerium, aliweka rasmi huduma ya katekista kuwa huduma ya kilei katika Kanisa. Alitaka wanaopewa huduma hiyo wawe watu wa imani na ukomavu, wanaoshiriki maisha ya jumuiya, na wapate malezi ya Biblia, ya theolojia, ya kichungaji na ya ufundishaji. Mabaraza ya Maaskofu yakaachiwa kazi ya kupanga njia ya malezi hayo.

Kwa upande wetu majandokasisi, mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa Desemba 2016 unasisitiza kwamba malezi ni safari moja inayoanza na ubatizo na kuendelea hadi kufa. Upadrisho hauifungi safari hiyo. Kama padre aliyesoma miaka mingi anaambiwa aendelee kujifunza, tutawezaje kufikiri kwamba semina ya juma moja inamtosha katekista kwa miaka 20?

Lakini tusichanganye mambo. Katika Kanisa la Methodisti la Muungano, mchungaji wa mahali mwenye leseni anaruhusiwa kubatiza na kuadhimisha Meza ya Bwana katika usharika wake, ingawa hana daraja. Sisi tunakiri kwamba Ekaristi inaadhimishwa na padre aliyepokea Sakramenti ya Daraja, na hapo hatufanani. Katekista si nusu padre. Ni mlei mwenye wito wake kamili, na barua ya Baba Mtakatifu inaonya dhidi ya kumgeuza kuwa kasisi mdogo. Tunachojifunza kwa Wamethodisti ni namna ya kumfuata mhudumu alipo, kumpa masomo ya mfululizo, na kuipitia upya ratiba yake bila kungoja miaka 50.

Kujifunza huko nako hakumo nje ya imani yetu. Hati ya Mtaguso juu ya umoja wa Wakristo, katika namba ya 10, inataka theolojia ifundishwe kwa mtazamo wa kiekumene, hasa kwa wanaoandaliwa kuwa wachungaji na mapadre. Kanisa Katoliki na Wamethodisti wamekuwa katika majadiliano rasmi tangu mwaka 1967. Mwaka 2006 huko Seoul, Baraza la Wamethodisti Ulimwenguni lilijiunga na Tamko la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki, ambalo Wakatoliki na Walutheri walikuwa wametia sahihi huko Augsburg mwaka 1999. Maana yake ni kwamba kuhusu swali lililoyagawa Makanisa karne ya 16, Mkatoliki wa Same, Mlutheri wa Mbaga na Mmethodisti wa Meru wana maneno ya msingi wanayoweza kuyakiri pamoja. Ni vema makatekista na wainjilisti wetu wajue hivyo, kwa sababu wengi wao bado wanarudia magomvi ambayo viongozi wao wamekwisha yafanyia kazi.

Nyumbani kwa Priskila na Akila

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunamkuta Apolo, mtu mwenye ufasaha na bidii, anayehubiri habari za Yesu kwa usahihi lakini akiujua ubatizo wa Yohane tu. Kwa lugha ya leo tungesema mafunzo yake yalikuwa mazuri ila yamepitwa na wakati. Priskila na Akila, mke na mume, mafundi wa mahema, walimsikia. Hawakumkatisha mbele ya watu wala hawakumwambia aache kuhubiri. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo akaenda Akaya akiwa msaada mkubwa kwa waamini.

Kwetu majandokasisi kuna zoezi hapa. Tutakapotumwa parokiani kwa mazoezi ya kichungaji, tumwombe katekista atueleze kwanza maswali aliyoulizwa mwaka huu na watu wake. Tuyaandike. Kisha turudi na vitabu vyetu tukatafute pamoja naye. Tutashangaa kuona kwamba theolojia tuliyokuwa tunaikariri kwa ajili ya mtihani ina watu wanaoingojea. Tukishakuwa mapadre, tusimwite katekista ofisini kwa ajili ya kumpa ratiba ya michango peke yake.

Kwa waamini wa parokia nako kuna wajibu. Ulizeni katika halmashauri ya kigango: katekista wetu alihudhuria mafunzo lini? Nauli yake ilitoka wapi? Siku alizokuwa darasani, nani alimpalilia shamba? Kumchangia katekista aende kusoma ni sadaka inayorudi kigangoni kila Jumapili.

Wapare wanajua kutunza ndiva. Maji yanakusanywa humo usiku, na asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Lakini kila mvua huleta tope, na ndiva isiyozolewa tope hujaa taratibu, mpaka siku moja maji yanakosa mahali pa kukaa. Hakuna anayemlaumu aliyeijenga. Watu huitwa kwenye msaragambo, kila nyumba na jembe lake, tope likatolewa, na maji yakapata nafasi tena. Mafunzo ya makatekista wetu yalichimbwa vizuri na waliotutangulia. Msaragambo wa kuyasafisha ni wa kizazi chetu.

Tuwaombee makatekista, wainjilisti na wachungaji wa mahali wote wanaobeba Neno la Mungu katika njia za mlimani. Mungu awajalie watu wa kuwaeleza Njia kwa usahihi zaidi, na atujalie sisi kuwa miongoni mwa watu hao.